Mgomba wa Meya

Bu Ngatinah alikuwa na mdomo, na mdomo ukichoka alikuwa na blogu. Kila mchana, akishauza mboga zake za pecel na mchuzi wa karanga, alikwenda mkahawa wa intaneti kuandika habari za Mtaa wa Kenanga: nani kagombana na nani, paka wa nani kapotea, na juu ya yote, shimo. Shimo lenyewe lilikuwa mbele ya kibanda chake hasa. Wateja, kwa kuogopa kutumbukia na pikipiki zao, walikuwa wakihamia kwa Bu Marni, ambaye mchuzi wake, Mungu amsamehe, ni maji matupu.

Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa Java pale wakubwa wa serikali wanapojitia uziwi: akapanda mgomba katikati ya shimo. Akaupiga picha, akaandika kwa utani: "Meya mwenyewe atakuja kuvuna."

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Gazeti la Suara Lembah halikungoja lije. Mwandishi wake wa pekee, Mas Prihadi, alikuwa ameacha siku nyingi kutoka kutafuta habari. Alikunywa kahawa, akasoma blogu, akanakili. Kesho yake ukurasa wa kwanza: MEYA KUVUNA NDIZI KENANGA.

Meya naye akasoma, akaona asipotokea ataitwa mwongo. Akaja. Ndizi hakuna, akaumwagilia mgomba maji, akaagiza uzungushiwe uzio, akapigiwa makofi. Mashimo yote ya mtaa yakazibwa lami, isipokuwa lile.

"Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe," mumewe, Pak Wagiman, alicheka. "Andika tena, tuletewe na mlinzi!"

"Naandika, tena leo leo!"

Akaandika: "Mgomba wa Meya umekufa." Alikusudia kuukata jioni ile ile, lakini mvua ikamwagika, akapitiwa na usingizi.

Asubuhi gazeti lilijaa rambirambi za Meya. Nje, mgomba ulikuwa umetoa jani jipya. Mas Prihadi akafika mbio, jasho likimtiririka.

"Bu, mbona mgomba uko hai?"

"Si mwandike kwamba mmekosea?"

"Tukosee vipi, na wewe ndiye tunayekusoma? Halafu lori la lami liko njiani, linakuja kuziba kaburi!" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Gazeti limeshauzwa lote, Bu. Una panga?"

Bu Ngatinah alikuwa ameshalishika, tena limenolewa.