Chokoleti Niliyompelekea Mama

Lori langu la kwanza nililipata bila kusaidiwa na mtu, na shule niliiacha darasa la pili. Leo nayasema wazi. Zamani pale Ilomba, Mbeya, nilijigamba kwamba Kiingereza nakijua, nimekiokota barabarani kwa Wazambia, na watu wakaamini.

Miaka ile ya sabini nilikwenda Lusaka kutafuta vipuri. Treni ilikuwepo, lakini kurudi nikapanda ndege mpaka Dar es Salaam, ili isemwe tu kwamba nimeruka. Kwenye duka la uwanjani nikaona chokoleti, maboksi ya rangi ya dhahabu, bei ya kutisha. Nikachagua lenye picha ya tunda jekundu, nimpelekee mama Iringa. Binti wa duka akaniuliza jambo kwa Kiingereza, akigonga maandishi kwa kidole. Sikuambulia hata neno. Nikajibu, "Yesi, yesi," akanifungia.

Mama hakujua kula kitu peke yake. Akaliweka boksi mpaka Jumapili, akawaita kina mama wenzake wa kanisani, nami nipo.

"Hii sabuni au chakula?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Kuleni, mwanangu kaja nayo na ndege!"

Wakatafuna. Ndani mlikuwa na maji makali. Aliyeuliza habari ya sabuni ndiye aliyetema kwanza. "Jamani, ulanzi! Ulanzi wa Wazungu!"

Mama aliacha ulanzi siku aliyobatizwa. Kanisani kwao aliyegusa pombe alitengwa na meza ya Bwana, hakuna mjadala. Jioni mzee wa kanisa akaja, akalishika boksi, akanigeukia.

"Wewe mjuzi wa Kiingereza, hukusoma hapa pameandikwa nini?"

Nilitakiwa kusema neno moja tu: sijui. Wangemwachia mama. Nikaangalia viatu vyangu.

Mama alinitazama. Alijua, si yeye aliyeniona nikitoroka shule? Akasema, "Mwanangu hana kosa. Alisoma, akaniambia. Tamaa ni yangu mwenyewe."

Wakamtenga. Akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango unaoingiza baridi, wenzake wakienda mezani yeye kainama. Mimi nikarudi Mbeya kwenye lori langu. Kichomi kikamchukua kabla hawajamrudisha kundini.

Tulimzika bila mchungaji. Wakaniuliza kama nina la kusema. Hata pale kaburini sikulisema.