Mlolongo Nyuma ya Mama

Harufu ya omena, dagaa wa Ziwa Victoria, wakianikwa juani, wengine huikimbia. Mimi hunijaza fahari. Nikiipata hata sokoni Migori mjini, namwona Mama amesimama mchangani Muhuru Bay, kitambaa kimekazwa kichwani, akingoja watu wajipange nyuma yake.

Miaka ile ya tisini nchi nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa vyama. Ufuoni kwetu, wapi! Kamati ya ufuo tuliiita bunge, na sheria yake ilijulikana: kofia na tishati za chama ziache nyumbani, kila mtu asimame kwa jina lake. Kura ilikuwa ya mlolongo. Unayemtaka, unasimama nyuma yake mchana peupe, jirani amekukodolea macho.

Wenye mashua walitaka uwanja wa kuanikia omena wajenge stoo. Uwanja ukienda, akina mama wangeanika wapi, vichwani? Basi Mama akagombea uenyekiti. Ajabu hiyo! Mpinzani wake alikuwa baba mdogo, ndugu wa Baba, mwenye mashua. Isitoshe, Mama alikuwa Mkuria wa Kegonga aliyeolewa kwetu Wajaluo.

"Mtu wa kuja ataongoza ufuo wetu?" watu walicheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akawajibu, akaendelea kugeuza omena wake.

Baba, mjanja yule, alijitolea kuhesabu watu ili asisimame popote.

Siku yenyewe mlolongo wa baba mdogo ulirefuka hadi majini. Nyuma ya Mama walikuwa wajane wachache tu. Wake za watu walibaki pembeni, wakiwatazama waume zao. Nilitaka kulia, jamani.

Ndipo Dani, bibi yangu mzaa baba, akainuka. Sote tulijua anaenda kwa mwanawe kitinda mimba. Akampita. Akajikongoja na mkongojo wake mpaka nyuma ya Mama.

"Mama, umepotea laini!" baba mdogo akapaza sauti.

"Sijapotea. Wewe nilikuzaa. Huyu tumeanika pamoja."

Yawa! Wake za watu wakamfuata Dani, kwanza mmoja mmoja, kisha kundi zima, na waume zao wakajifanya wanatazama ziwa. Mama akashinda. Uwanja ule ni wa omena hadi leo. Wiki nzima nilitembea shuleni kama mtoto wa waziri.

Niliamini jasiri wa siku ile alikuwa Mama. Sikuwaza Dani alirudi wapi. Kwa mila zetu, mama mzee hukaa bomani na kitinda mimba wake. Ndiye humlisha, ndiye atakayemzika. Jioni ile Dani alirudi kwa mwana aliyempita mbele ya watu wote, akaketi kungoja chakula. Mama nilimwonea fahari palepale mchangani. Dani, mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaanza kujiuliza aliumezaje ugali ule.