Meza ya Chama cha Haki

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na wifi yangu wa Ihanda, ambaye alikuwapo njiani akayaona.

Wanaume watatu wa kwao walikuwa wameanzisha chama cha kutetea haki za watu. Waliandika barua kumwomba Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, akataze watu kubebeshwa mizigo ya wakubwa kwa nguvu. Siku ya baraza mwenyekiti alitangulia na mwavuli, mweka hazina akafuata na kofia, katibu na barua. Nyuma alikuja mke wa katibu, meza ya chama kichwani.

Kwenye mlima akaitua.

“Shemeji, twende! Bwana Shauri anaondoka adhuhuri,” mwenyekiti akasihi.

“Kwanza nisomeeni hiyo barua.”

Mumewe akasoma: “Mtu yeyote asibebeshwe mzigo asioutaka.”

“Na mimi je, si mtu?”

“Mke wangu, hii ni meza ya haki za watu!”

“Basi watu na waibebe.”

Wakaibeba. Walifika wakitiririka jasho, askari akawaambia, “Wapagazi, piteni nyuma.” Wifi anasema katibu aliisoma barua ile barazani kwa uchungu ambao asubuhi hakuwa nao.

Asubuhi baada ya kusimuliwa kisa hiki, mume wangu alinionyesha gunia la mahindi la kupeleka mashineni. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatangulia mikono mitupu.