Banio la Ambindwile

Ambindwile alizaliwa Lupepo, kwenye shamba linaloshuka kutoka barabarani mpaka kijitoni, na hakuwahi kuishi kwingine. Mfereji wa shamba hilo aliuchimba baba yake kwa jembe la mkono. Pale kijito kinapopinda mzee alipanga mawe, akayaziba kwa udongo na magogo ya migomba, na kwa banio hilo maji yakageuka kuingia kwake. Baba alipofariki, Ambindwile aliyapeleka maji kwenye mabwawa matatu ya samaki. Perege wake walisifiwa mpaka soko la Mpuguso kwa sababu hawakunuka tope. Mkewe alipomwacha duniani, na watoto wakiwa wameshahamia Mbeya, mabwawa ndiyo yaliyokuwa yakimtoa kitandani asubuhi.

Chini bondeni aliolewa mdogo wake wa tumbo moja, Elina. Huko kila kiangazi kijito kilifika kikiwa kimekonda, na miaka ya karibuni kikawa hakifiki kabisa. Wanawake walichimba vishimo kwenye mchanga wakasubiri maji yajikusanye. Kwenye zahanati mjamzito aliyekwenda kujifungua aliambiwa aje na ndoo yake ya maji.

Kwa hiyo ilipoundwa jumuiya ya watumia maji, Elina akachaguliwa mwenyekiti. Maofisa walikuja wakasimika kijitoni nguzo yenye mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, wakasema, mifereji yote isiyo na kibali itafungwa mpaka mvua, ili kijito kibaki na maji yake ya kutiririka. Ambindwile alikuwepo mkutanoni na alinyoosha mkono kukubali. Alizijua ndoo za mdogo wake. Tena alidhani mstari ule unawahusu wenye mashine za kuvuta maji, si mfereji wa marehemu baba yake.

Kiangazi kilichofuata maji yalishuka. Elina alipanda mlima pamoja na ofisa wa maji, kijana mpole aitwaye Fred.

"Ugonile, kaka," Elina alimwamkia, akapiga magoti kidogo kama walivyofundishwa nyumbani.

"Nimeamka. Umekuja kunisalimu au umekuja kunifunga?"

Fred ndiye aliyesema, "Mzee, mstari umeonekana. Tunaomba ufungue banio, maji yashuke."

"Ardhi hii ni yangu. Hati ninayo ndani."

"Ardhi ni yako, mzee, hakuna anayebisha. Maji ni ya umma. Ukitaka kuyatumia unaomba kibali."

"Na yule mwenye shamba la parachichi kule juu?"

"Yule anacho. Aliomba mapema."

Ambindwile alimgeukia mdogo wake. "Elina, baba akichimba mfereji huu aliletewa chakula chake hapa hapa shambani. Wewe ndiye uliyekuwa unakibeba."

"Nakumbuka," Elina alisema, machozi yakimlenga. "Lakini wajukuu zangu wanakunywa maji ya vishimo, kaka. Nifanyeje?"

Ambindwile aliingia kijitoni mwenyewe, akalibomoa banio jiwe moja moja, hakutaka mtu mwingine aliguse.

Kesho yake alikwenda ofisi ya maji Tukuyu kuomba kibali. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamweleza bila kumficha. Maji ya kijito kile yalikuwa yameshagawiwa yote, na yaliyobaki ni ya kijito chenyewe. Isitoshe, mabwawa yake yalikuwa ndani ya mita sitini kutoka ukingoni, ambako shughuli za kudumu haziruhusiwi. Hata mvua zikinyesha, hapo hapatapata kibali.

"Baba yangu alichimba kabla ya hizo mita," alisema.

"Tunaelewa, mzee," waliitikia. Na kweli walielewa. Hilo ndilo lililomvunja nguvu, kwamba hapakuwa na wa kugombana naye.

Mabwawa yalipungua. Samaki walipanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Ambindwile aliwavua wote akawagawa kwa majirani, na fungu kubwa zaidi akalipeleka bondeni kwa Elina. Alimkuta ameinama kwenye kishimo kilekile cha mchangani.

"Maji hayajafika?" aliuliza.

"Yalifika siku chache, yakakatika." Elina alijifuta mikono. "Wanasema chemchemi zenyewe za huko juu zimechoka. Wanasema ni mikaratusi, inanyonya sana maji."

Ambindwile aliweka kapu chini. Wakakaa kwenye mchanga. Elina alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, kaka."

"Unaomba msamaha wa nini? Hata ningeliacha banio, ningekuwa nawaua nyie na samaki wangekufa vilevile."

Mvua zilikuja. Nguzo ilizama mpaka juu ya mstari, kijito kikanguruma, lakini bila banio mabwawa yakabaki mashimo yenye majani. Mwanawe Baraka alimpigia simu kutoka Mbeya akimshauri auze, naye, kwa uchovu, akakubali. Mnunuzi alikuja, akatembea shamba lote, akasimama ukingoni akasikiliza maji.

"Maji yapo ya kutosha," alisema kwa furaha.

"Yapo," Ambindwile alimjibu. "Ila kwa shamba hili hayaruhusiwi." Akamweleza yote, mstari na mita sitini.

Mnunuzi alishukuru, akaahidi kupiga simu. Hakupiga. Ambindwile yupo bado Lupepo. Siku hizi huchelewa kuamka.