Jibu Lililofutwa

Jumamosi mchana, jikoni kwa Fébronie Nahimana pale Guildford, mjini Sydney, palikuwa na kelele kama za darasa la kwanza. Wanawake watatu walizunguka meza, maharage yakichemka nyuma yao, wakikariri kwa Kiingereza namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Fébronie ndiye aliyeongoza. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwanawe Siméon alishaoa na kuhamia Macquarie Fields, na kwa jinsi alivyokuwa na sauti nene hakuna aliyethubutu kuuliza nani kamchagua.

Tabia hiyo ya kukariri pamoja aliitoa kambini. Kule Tanzania, alikoishi ukimbizini miaka kumi na miwili, daftari moja lilikuwa la watu ishirini. Mafundisho ya ubatizo walijifunza kwa mdomo, kikundi kikundi, na siku ya mtihani katekista aliwasimamisha wote pamoja. Mmoja akikosea neno, kikundi kizima kilirudishwa. Kusema sawasawa na wenzako ndiko kulikokuwa kujua. Hukohuko alijitolea zahanati, akaosha na kugeuza wagonjwa hadi mikono yake ikawa inajua uzito wa mtu kabla ya kumgusa.

Sydney ilimpokea vizuri, ikampa ufagio. Miaka sita alipiga deki kwenye nyumba moja ya wazee, akiwasikia wakilia vyumbani kwa kugeuzwa ovyo na vijana wenye vyeti. Angeingia amsaidie nani? Bila cheti haruhusiwi hata kumshika mzee mkono. Meneja alimwambia kwamba akikipata kabla ya Krismasi, nafasi ya utunzaji ni yake.

Kwa hiyo chuo cha jamii kilipofungua darasa la kutunza wazee, Fébronie alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Akawavuta na wenzake wawili: Verdiane, aliyefika kidato cha pili na kuweza kuandika Kiingereza, na Dévote, mdogo wao wa miaka ishirini na tisa, mpole hadi unatamani kumtikisa. Mwalimu wao, Jerusha, alikuwa muuguzi Mkenya aliyewafafanulia kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipowashinda.

Chuo kiliwapa kila mmoja kijitabu cha maswali arobaini, ajibu nyumbani. Kijitabu kikipita, ndipo mwanafunzi apelekwe kwa wazee kufanya kazi kwa vitendo. Wale watatu walifanya walivyozoea. Fébronie alisema kazi inavyofanywa, Verdiane akaitia kwenye Kiingereza, wakakariri pamoja, kisha kila mmoja akaandika kwa mkono wake.

Walipofika swali la kumi na saba, la mzee anayekataa kuogeshwa, Fébronie alichungulia kijitabu cha Dévote akakuta maneno mageni.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeandika nitampa kitambaa aanze kuosha uso mwenyewe," Dévote alisema. "Bibi yangu alikuwa vile, Mama Siméon. Ukimlazimisha anapigana."

"Na sisi tumesema nini?"

"Tumesema tutamweleza faida ya usafi."

"Bon, basi. Futa. Unataka watuangushe wote sababu ya bibi yako?"

Dévote akachukua kifutio, akafuta.

Baada ya wiki mbili waliitwa chuoni. Msimamizi wa mitihani alikuwa mama mmoja mzungu, mwenye heshima zake, wala hakupandisha sauti. Vijitabu vitatu vilikuwa wazi mbele yake. Jerusha aliketi pembeni, uso umemsawijika.

"Anauliza nani alimkopi nani," Jerusha alitafsiri.

"Hakuna aliyekopi. Tunajua pamoja. Mwambie aniulize."

Mama yule akauliza swali la nne. Fébronie akajikohoza, akalimwaga jibu lote bila kukosa neno. Akaulizwa la ishirini, akalimwaga pia. Kadiri alivyopatia ndivyo uso wa msimamizi ulivyozidi kunyong'onyea, na Fébronie, maskini, akadhani hasikiki vizuri. Akapaza sauti.

"Tulia, Mama Siméon," Jerusha alimnong'oneza. "Unajimaliza. Anasema umekariri tu, hauelewi."

"Mimi sielewi? Walete kitanda, mwalimu! Alale hata yeye, nimgeuze!"

Jerusha alitafsiri, akaongeza na la kwake, akabembeleza. Msimamizi alitikisa kichwa. Mambo ya kitanda yanakuja baada ya kijitabu, na kijitabu hakijapita. Alionekana kusikitika kweli, na huko kusikitika kwake ndiko kulikomuudhi Fébronie kuliko yote.

Kisha akakiinua kijitabu cha Dévote kuelekea dirishani. Mwanga ukapita kwenye karatasi, na chini ya jibu la kumi na saba yakaonekana maneno yaliyofutwa. Akayasoma polepole.

"Anasema hili lilikuwa zuri sana," Jerusha alisema. "Lilikuwa lako. Anauliza mbona ulifuta."

Dévote alimtazama Fébronie. Fébronie alikuwa na muda wa kusema ni mimi niliyemwambia. Alikuwa nao wa kutosha. Akatazama mikono yake mwenyewe.

"Sijui," Dévote alisema.

Wote watatu walifungiwa miaka miwili wasirudi kwenye kozi ile. Krismasi ikapita, nafasi ikaenda kwa mwingine. Verdiane akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Dévote alihamia misa ya asubuhi ili wasikutane, na Fébronie akimpigia, simu iliita mpaka ikakatika.

Miezi minane baadaye Jerusha alibisha hodi akiwa amejaa furaha.

"Nimewasumbua wale wa chuo hadi wamekubali! Kuanzia February, kama mtu hawezi kuandika vizuri ataulizwa kwa mdomo, kando ya kitanda, na mkalimani awepo. Ni kwa sababu yenu. Na wanaomba uje siku moja, uwaonyeshe walimu."

"Na sisi?"

Furaha ikamwishia Jerusha. "Nyinyi bado mwaka na miezi minne. Pole, Mama Siméon."

Usiku huo Fébronie hakulala kwa uchungu. Asubuhi aliamua kwenda, maana alikuwa na neno la kusema, na safari hii hangelimeza. Alimdokeza Verdiane peke yake.

Walimu tisa walisimama kuzunguka kitanda. Msimamizi mwenyewe alivua viatu akalala. Fébronie alimkunja goti, akaweka kiganja kimoja begani na kingine nyongani, akamgeuza kama anafungua mlango wenye bawaba zilizotiwa mafuta. Mama yule akafumbua macho, akasema hakusikia maumivu hata kidogo. Wakapiga makofi.

Fébronie alingoja yaishe.

"Mwalimu, mwambie hivi. Mimi waniache. Lakini jibu la Dévote lilikuwa lake. Ni mimi nilimlazimisha afute, na siku ile nikanyamaza. Wamrudishe yeye."

Jerusha alitafsiri. Msimamizi aliketi kitandani, miguu mitupu ikining'inia, akajibu taratibu kwamba uamuzi ulishafungwa na muda wa kukata rufaa ulipita siku nyingi. Laiti jambo hili lingesemwa siku ile. Kisha akamshika Fébronie mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Nje, Fébronie akapiga simu, akijua itaita mpaka ikatike. Mara Dévote akapokea.

"Verdiane ameniambia ulienda kunisemea," alisema haraka, pumzi juu juu. "Ni kweli, Mama Siméon? Uliwaambia?"

"Niliwaambia yote."

"Wamesema nini?"

Fébronie alifumba macho.

"Wamesema asante."