Sauti Yangu Kinywani mwa Baba Mkwe

Chekeni mnavyotaka, maana ukoo wa mke wangu kule Chole haujamaliza kunicheka.

Video ya harusi yetu ilikuwa na kasoro moja: upepo ulimeza hotuba yote ya baba mkwe. Kwa bahati shemeji yangu alikuwa ameirekodi hotuba hiyo kwa simu, akanitumia. Mimi, mtunza stoo wa Tumbi niliyejifunza kuhariri video mtandaoni, nikajitangaza fundi. Nikaondoa sauti ya zamani, nikabandika mpya, nikahifadhi. Kuisikiliza kwanza niliona ni mambo ya wanafunzi.

Jumamosi tukaenda Chole kuwaonyesha ile video. Baba mkwe alivaa kanzu mpya ili ajitazame vizuri, akaita na majirani. Hotuba ilipofika, akaomba sauti iongezwe.

Kwenye runinga akashika maiki, akafungua kinywa, ikatoka sauti yangu: "Kaka, huyu mzee akishika maiki haachii. Ameongea mpaka pilau limepoa, na hakuna alichosema."

Ulikuwa ujumbe wa sauti niliomtumia rafiki yangu siku ya harusi. Nilikuwa nimebandika faili lisilo lenyewe.

Mke wangu akaniuliza taratibu, "Hiyo si sauti yako?"

Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Baba mkwe akaniwahi, akaiweka mapajani kwake.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Acha nijisikilize mpaka mwisho."

Nikakaa. Sehemu niliyomsema mama mkwe ilikuwa bado haijafika.