Nyar Katito Achagua Ubao wa Kushambulia

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wananchi wote wa Kibuye, Kondele na viunga vyake, na kwa wale walioko Luanda Kotieno wakingojea feri bila kazi ya maana, ya kwamba Bi Dorca Adongo, muuza mapazia ya mtumba, ameanza rasmi kutafuta raketi ya mpira wa meza. Zoezi hilo litakuwa huru, la haki na la wazi. Waangalizi wa kimataifa hawajaalikwa. Wenye maoni wanaombwa wayaweke mfukoni, ingawa tunajua hawataweza.

Tangazo hili lisingehitajika kama raketi ya zamani ingekufa kifo cha kawaida. Ilivunjika shingo Jumatatu jioni, Adongo alipoufuata mpira uliokwisha kutoka nje, akaukosa, akaipiga kona ya meza kwa nguvu za mtu anayeua nyoka jikoni. Mpini ukabaki mkononi. Kichwa kiliruka kikatua kwenye karai la mama wa mandazi, naye akakitoa kwa kijiko, akakikung'uta mafuta, akauliza ni nani aliyeagiza chapati.

Anayemjua Adongo hakushangaa. Huyu mama hajawahi kurudisha mpira; yeye huuadhibu. Mpira ukija juu, anapiga. Ukija chini, anapiga. Ukija pembeni, anatamka neno la Kijaluo ambalo halitumiki kanisani, kisha anapiga. Mwenyewe hujiita mshambuliaji, na hakuna aliyewahi kumpinga, maana anayempinga huwa amesimama karibu naye. Hata mapazia huyauza hivyo hivyo. Ukigusa kitambaa tu kwa kidole, umeshafungiwa.

Sasa kuhusu meza yenyewe, kwa sababu vita vyote vilianzia hapo. Taasisi fulani mjini iliutupa uso wa meza bila miguu, Adongo akaubeba kwa mkokoteni mpaka kwenye kibanda chake. Zacchaeus Wanjohi, ambaye alikuja Kisumu kutoka Nyeri zamani na anauza misumari na mabati mkabala na Adongo, akauchomelea miguu ya chuma. Kwa hivyo kisheria uso ni wa Adongo, miguu ni ya Wanjohi, na katikati kuna boliti ambazo kila mmoja anaapa ni zake. Amani ilidumu, watu wakacheza kila jioni soko likifungwa, mpaka Wanjohi alipopata duka kubwa upande wa Nyamasaria.

"Mama, miguu yangu inahama na mimi," alisema.

"Ihame. Itembee yenyewe, si ni miguu?"

"Na huo uso wako utauweka wapi? Kichwani?"

Walibishana hadi wakakubaliana jambo ambalo mahakama yoyote ingelionea wivu: Jumamosi wacheze, wao wawili, atakayeshinda seti mbili kati ya tatu achukue meza nzima. Ama uso ufuate miguu Nyamasaria, ama miguu ibaki na uso Kibuye.

Adongo alicheka sana siku hiyo. Lakini kitinda mimba wake alikuwa ameenda chuo kule Bondo, na tangu hapo nyumba yake ya Manyatta ilikuwa imebaki na redio peke yake. Pale mezani ndipo alipopata watu wazima wenzake wa kumtukana, naye akawatukana, akafika nyumbani amechoka vya kutosha kulala. Meza ikienda, jioni zake zinaenda nayo. Hilo hakulisema. Alichosema ni, "Wanjohi, nitakuchapa mpaka misumari yako ipinde ndani ya boksi."

Kisha, Jumatatu hiyo hiyo, raketi ikavunjika.

Kocha wetu ni Oketch, fundi wa simu ambaye hajawahi kushinda mchezo hata mmoja, jambo linalompa muda mwingi wa kusoma. Alitoa simu mfukoni, si yake bali ya mteja, akasoma, akatangaza kwamba washambuliaji wakubwa wa dunia hawatumii mbao tupu. Mbao zao zina kaboni katikati.

"Kaboni," alisema Adongo, akilionja neno. Hakuuliza ni kitu gani. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo ungelifanya pia kama ungekulia kando ya ziwa hili.

Maana mezani pale ipo desturi iliyohamia kutoka kwenye ngoma za ohangla, inaitwa pakruok. Mchezaji ana haki ya kusimamisha kila kitu, ataje jina lake na kwao, ajisifu mpaka pumzi iishe, na watu wamwitikie. Hakuna anayekukatiza. Lakini sifa uliyojipa hapo ni kama suruali uliyotoka nayo nyumbani: huivui mbele za watu. Ukisema wewe ni ndovu, utabeba magogo.

Adongo akainua ule mpini uliovunjika kama fimbo ya chifu.

"Simamisheni! An Adongo, nyar Katito! Mimi binti wa Katito ndiyo radi ya Nyakach, ile inapiga mti na kumwacha mwenye shamba akiuliza saa ni ngapi! Jumamosi nakuja na ubao wa kaboni! Ubao ambao Kibuye haijauona, na mti ulioutoa umekufa kwa huzuni!"

"Yawa!" watu wakapiga kelele. Wanjohi mwenyewe alipiga makofi. Ukisikia adui anakupigia makofi, angalia mahali ulipokanyaga.

Kesho yake Adongo na Oketch wakaenda mjini kwa Wendy, binti mwenye duka dogo la vifaa vya michezo, ambaye huuza ubao peke yake, kisha anakubandikia raba pande zote mbili.

"Unacheza aje, mama?" aliuliza Wendy.

"Ninashambulia."

"Halafu?"

"Halafu nini? Mtu akishashambuliwa kuna halafu?"

Wendy alimpa mpira na raketi ya kujaribia, akamwambia apige ukutani. Mpira ulipiga ukuta, ukapiga kabati, ukapiga Oketch. Wendy akaweka mbao mbili juu ya kaunta.

"Huu ni wa tabaka tano za mti mtupu. Ni laini. Unaupa mpira muda wa kukaa kidogo, wewe unauelekeza. Ukikosea, unakusamehe."

"Sijamwomba mtu msamaha."

"Na huu una kaboni. Ni mgumu, ni mwepesi, na hauna subira. Ukiugusa tu, mpira umeondoka. Huu ni wa mtu ambaye mkono wake umeshajua njia." Akashusha sauti. "Mama, usikasirike. Kushambulia si kupiga kwa nguvu. Mshambuliaji ni yule ambaye mpira wake wa tatu bado unaanguka mezani. Chukua wa tabaka tano. Mwakani urudi tuongee."

Adongo aliushika ule wa tabaka tano. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kama mtu anayenunua tikiti maji. Akaudundishia mpira, tap, tap, tap, na kwa mara ya kwanza katika historia yake mpira ulikaa pale alipotaka ukae. Uso wake ukalainika. Oketch anasema aliona hata machozi, lakini Oketch ndiye aliyepigwa na mpira jichoni.

"Ni mzuri," Adongo alisema. "Nipe ule mwingine."

"Mama! Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Lakini nilishasema kaboni."

"Ulimwambia nani?"

"Watu."

Wendy alizaliwa hapa hapa. Alichukua gundi.

Siku zilizofuata soko zima liliishi kama liko chini ya mvua ya mawe. Mpira wa Adongo ulikuwa haugusi meza hata kwa bahati mbaya. Ulipanda juu ya paa, ulizama kwenye omena, ulimpata mhubiri wa sokoni katikati ya mstari uliohusu subira. Oketch alikuwa akiukimbilia na kurudi nao, akisema, "Unakaribia, nyar Katito, huo wa sasa ulikuwa wilaya ile ile." Adongo akazidi kupiga. Ijumaa robota jipya la mapazia likafika, na kwa kuwa hamali alichelewa, akalibeba mwenyewe.

Jumamosi akaja ananuka dawa ya kuchua kutoka mbali. Watu wakasema ndiyo harufu ya kaboni.

Seti ya kwanza haifai kusimuliwa mbele ya watoto. Wanjohi alikuwa na raketi yake ya siku zote, kuukuu, raba imejaa vumbi la saruji, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuupitisha mpira juu ya wavu, kisha kumtazama Adongo akiusafirisha kwenda Uganda.

"Mama, hiyo ni kaboni au ni kombeo?" aliuliza Wanjohi. "Ngai! Huo umeenda kutafuta visa!"

Adongo aliliangalia paa, akaiangalia ile meza, akaubana mkono wa kulia ubavuni kama mtu aliyeficha barua kwapani.

Sasa, mtu mwenye busara anayeongoza kwa seti moja huanzisha mpira akanyamaza. Lakini Wanjohi amekaa Kisumu muda mrefu, na ugonjwa wetu umeshamwingia mpaka kwenye mifupa. Aliinua mkono.

"Simamisheni!"

Watu wakasogea karibu kwa furaha.

"Mimi Wanjohi wa misumari! Mimi ni nyundo! Nyundo haipapasi! Nyundo haibembelezi! Kuanzia sasa, kila mpira nitaupigilia mpaka meza iombe talaka!"

"Yawa!" soko likaitikia, na Adongo akapiga makofi kwa mkono wake mzima, polepole, juu ya paja.

Wanjohi akapiga kwa nguvu zake zote. Adongo hakuinua mkono. Aliubandika ubao wake mbele ya tumbo, kiwiko kimeegemea mbavu, kama mama anayejikinga kwa mwiko. Mpira uligonga ile kaboni na kurudi haraka kuliko ulivyokuja, ukampita Wanjohi sikioni.

Soko likalipuka.

Wanjohi akakaza. Akapigilia mwingine. Ukarudi. Kadiri alivyopiga ndivyo alivyopigwa, kwa nguvu zake mwenyewe, na yule mama hakusogea zaidi ya nguzo ya stima. Ubao usio na subira ulikuwa umempata mtu ambaye, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameuacha ufanye kazi yake. Seti ya pili ikaenda kwa Adongo.

Katikati ya seti ya tatu Oketch, ambaye uzalendo wake hushindwa na utaalamu wake, alimnong'oneza adui. "Omera, mpigie polepole! Weka tu mpira karibu na wavu, mama hawezi kuufikia. Seti umeshinda."

"Najua!" alisema Wanjohi, jasho likimdondoka kwenye meza. "Unafikiri sijaona? Lakini nitapiga aje polepole na nimeshasema mimi ni nyundo?"

Oketch akarudi mahali pake. Watu wote walikuwa wamesikia.

Akapigilia mpaka mwisho, kwa heshima, kama mwanamume. Mpira wa mwisho ulirudi ukamgonga kifuani, ukaanguka miguuni pa miguu yake ya chuma, ambayo haikuwa yake tena.

"Mama, chukua," alisema, akimpa mkono. "Lakini Nyamasaria si mbali. Nitakuwa nakuja kuitembelea jioni."

"Kuja na bispana," alisema Adongo. "Boliti zimelegea."

Soko likamwinua. Oketch akasimama juu ya kreti akatoa pakruok kwa niaba yake, akisema kwamba mashambulizi ya kisasa hayana mkono, yana akili tu, na kwamba Wachina wenyewe watakuja Kibuye kujifunza. Vijana wawili wakaapa kununua kaboni. Mama wa mandazi alitaka kujua kama inakaangika.

Ikabidi mwandishi wa tangazo hili amfuate bingwa kibandani, ili vizazi vijavyo visiachwe gizani. Alikuwa ameinama anakunja mapazia kwa mkono wa kushoto. Akaulizwa, kwa maneno makubwa yaliyostahili siku hiyo, ni hekima gani iliyomwongoza kuchagua ubao unaolingana kikamilifu na mtindo wake wa kushambulia, na ni lini hasa alipogundua mbinu ile ya kutisha ya kutopiga.

"Bega lilikuwa linaniuma," alisema. "Hebu sogea, umekanyaga pazia."